Tunatazama Sana, Lakini Tunaandika Nini?



Gazeti hili limechelewa, na wengi wametuuliza sababu. Wengine walifikiri mashini imeharibika, wengine walifikiri karatasi imekwisha. Hapana. Mashini iko nzima, karatasi iko. Kilichokosekana ni makala. Tulitangaza mbele ya bendera mara mbili kwamba tunangoja maandiko ya wanafunzi. Yaliyofika yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kati ya hayo, moja lilikuwa limetolewa ndani ya telefone neno kwa neno, hata na jina la mwenyewe chini yake, mtu wa mbali kabisa, maana aliyenakili alisahau kulifuta. Tulicheka sana. Kisha tukanyamaza, kwa sababu tuliona kwamba hili si jambo la mwanafunzi mmoja.

Kwa hiyo sisi wa komite ya gazeti tumeonelea inafaa tutoe mawazo yetu. Si kwa kumgombeza mtu. Ni kwa sababu gazeti lisipopata waandishi litakufa, na likikufa, sisi wa shule hii hatutakuwa tena na fasi hata moja ambapo tunasema kitu kwa maneno yetu wenyewe.

Tuangalie kwanza namna tunavyoishi. Jioni, huko Kasuku ao Mikelenge, hata ng'ambo ya mto kule Alunguli, utaona vijana wamekaa karibu na fasi ya kuchaji, pale penye sola, kila mmoja ameinamisha kichwa. Mtoto amenunua mega asubuhi, saa kumi na mbili za jioni zimekwisha. Ameona nini? Vichekesho vya Kinshasa, nyimbo za Dar es Salaam, mpira wa Ulaya, mahubiri, mtu anayepika chakula ambacho hapa Kindu hakuna anayejua jina lake. Kesho yake ukimwuliza, "Jana ulipata nini mule?" anajibu, "Aa, niliangalia tu." Na ni kweli, hawezi kukuambia zaidi. Imepita mbele ya macho kama majani yanayochukuliwa na maji ya Lualaba wakati wa mvua.

Tusikilizane vizuri. Hatusemi telefone ni mbaya. Mwenzetu mmoja wa pédagogie alielewa hesabu za logaritme kwa mwalimu wa Cameroun aliyemwona kwenye video, na alieleza kilasi nzima ubaoni. Tunajua kijana aliyejifunza hivyo kutengeneza radio, na mama mmoja aliyejifunza kushona mtindo wa mikono ambao sasa unavaliwa kanisani kila Siku ya Mungu. Vitabu vya maktaba yetu ni vichache na vimezeeka. Katika telefone mnapatikana vitabu ambavyo babu zetu wasingeviona hata kama wangetembea mpaka Kalemie. Mwenye kusema tusitazame kabisa anataka turudi nyuma.

Neno letu ni juu ya kinachoingia na kinachotoka. Kwetu kinaingia kingi, na kinachotoka ni karibu sufuri.

Watu wanasema, "Kuandika ni kwa wenye mali, mega ni bei." Tumefanya hesabu hiyo pamoja na wenzetu wa sayansi. Mega moja ni okteti milioni moja. Herufi moja ya Kiswahili inachukua okteti moja. Ukurasa wa kaye ulioandikwa vizuri una herufi kama 2,000. Basi mega moja inaweza kubeba kurasa 500. Upande mwingine, dakika moja ya video yenye picha za kadiri inakula mega 5 hivi, zaidi kama picha ni nzuri. Maana yake, kwa dakika moja ya kumtazama mtu akicheza, ungeweza kutuma kurasa 2,500 za maneno yako. Hakuna mwanafunzi hapa aliyekwisha kuandika kurasa 2,500 tangu kilasi ya kwanza ya primaire! Mega si sababu. Na anayeandika kwa biki katika kaye hahitaji hata hiyo mega moja.

Tena tuko na mfano ambao ulitokea hapa kwetu Maniema, wala si mbali. Mwaka 1871, Livingstone alikaa Nyangwe, juu ya mto, upande wa Kasongo. Alikuwa mgonjwa, mizigo yake ilikuwa haifiki, na karatasi ya kuandikia ilimwishia. Wino vilevile uliisha. Alikuwa na nini? Alikuwa na gazeti la zamani kutoka London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869. Alichukua gazeti lile, akatengeneza wino kwa mbegu za miti ya huku kwetu, akageuza ukurasa, akaandika kukingama juu ya maneno yaliyopigwa. Hebu fikirini jambo hilo. Gazeti alikuwa amekwisha kulisoma. Angeweza kulisoma mara ya pili na ya kumi, akipitisha siku. Yeye alilifanya kuwa kaye.

Na alichoandika hakikuwa kidogo. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka ule, siku ya soko, watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika Nyangwe, wengi ni wanawake waliovuka mto na bidhaa zao. Watu wenye bunduki wa wale wafanyabiashara wakaanza kupiga risasi sokoni. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakafa majini. Livingstone aliyaona kwa macho, akayaandika. Wale Waarabu wenyewe walikadiri waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Maneno yale yalifika Ulaya mwaka 1872, yakawachoma watu mioyo, na ni moja kati ya mambo yaliyosukuma mapatano ya 1873 ambayo yalifunga soko la watumwa la Unguja.

Wino ule wa mbegu ulififia mpaka haukusomeka tena. Kitabu kilichotolewa mwaka 1874 baada ya kifo chake kilitengenezwa na rafiki yake, na hakikufuata sawasawa kila neno la karatasi zile. Wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, na mwaka 2011 maneno yakatokea tena juu ya gazeti la zamani.

Sisi tunapenda mfano huo, lakini unatuuma vilevile. Soko lile lilikuwa soko la nani? Lilikuwa la bibi zetu. Waliovuka na samaki, na mafuta, na vyungu, walikuwa wao. Hatujui jina la mmoja wao aliyepona, wala alilosema aliporudi kijijini. Yote tunayoyasoma juu ya siku ile tunayasoma kwa mkono wa mgeni mmoja aliyekuwa mgonjwa wa miguu na maskini wa karatasi. Tunamshukuru, maana bila yeye hata hayo tusingeyapata. Lakini mtu mmoja haoni sokoni kote.

Halafu kuna Tippu Tip. Kila mtoto wa Kasongo anajua jina hilo. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mtu wa Unguja, aliyefanya biashara ya pembe na watumwa katika nchi hii na kutawala sehemu kubwa yake. Mzee huyo aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mdachi mmoja, Heinrich Brode, aliyatoa kwa herufi zetu na kwa Kijeremani huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni moja ya vitabu vya kwanza vya Mswahili anayesimulia maisha yake, na sehemu kubwa ya mambo yake yalitokea katika ardhi hii tunayoikanyaga. Lakini ni mambo yaliyoonwa na mwenye bunduki. Anahesabu pembe, anahesabu vita alivyoshinda. Wale walioshindwa hawakuacha kitabu.

Ndugu wasomaji, msifikiri haya ni ya zamani tu. Andikeni jina la mji wetu Kindu ndani ya telefone. Moja ya mambo mtakayokuta upesi ni habari ya mwezi wa 11 mwaka 1961, wakati askari 13 wa jeshi la anga la Italia, waliokuwa wakiitumikia ONU, walipouawa hapa. Waitaliano wamewajengea ukumbusho huko Pisa na karibu na uwanja wa ndege wa Fiumicino, na wameandika sana. Wana haki, walikuwa watoto wao. Lakini sisi tumeandika nini? Mji ulikuwa na watu siku ile. Waliona nini, waliogopa nini, waliambiana nini usiku? Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule amepita sasa miaka sabini. Wako wachache, na kila mwaka tunazika. Tunapita mbele ya nyumba zao tukiwa na telefone mkononi, tunatazama vichekesho.

Na sasa kuna mashini hizi mpya zinazojibu maswali na kuandika dissertation kwa niaba ya mwanafunzi. (Waalimu wa Kifaransa, tunajua kwamba mnajua.) Mashini hizi zinafundishwa kwa maandiko yaliyokwisha kuandikwa na watu. Ambapo watu hawakuandika, mashini inabahatisha, na inabahatisha kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 80,000, kazi ya watu wa kujitolea. Kirega, Kikusu, Kizimba, Kibangubangu, Kisongola, lugha ambazo mama zetu wanatuitia nyumbani, hakuna hata moja yenye Wikipedia yake. Nani ataianza? Mtu wa Berlin tena?

Tunajua majibu, maana tumeyasikia yote tulipozunguka kilasi kwa kilasi kuomba makala.

La kwanza: "Mimi sina kitu ya kuandika." Huyu aliyetujibu hivyo, baba yake alifanya kazi ya treni miaka mingi, na yeye mwenyewe alikwisha kutueleza, kwenye benchi, namna treni ilivyokaa siku nyingi njiani kabla ya kufika Kindu, watu wakapika, wakaoza viazi, mtoto akazaliwa ndani ya vago. Tulisikiliza mpaka kengele ikalia. Kumbe hana kitu ya kuandika! Anafikiri kitu cha kuandika ni kile kinachotoka Paris.

La pili: "Kifaransa changu ni kibaya." Basi andika Kiswahili. "Kiswahili changu si kile cha Tanzania." Hapa tunapenda kukaa kidogo. Siku hizi vijana wetu wanasema kama watu wa Dar es Salaam, kwa sababu ndiko video zinakotoka, na wanamcheka mwenzao anayesema kama bibi yake. Kiswahili cha Tanzania ni kizuri, hatukikatai, hata sisi tunajaribu kukikaribia tunapoandika. Lakini mwaka 1965, kule Elisabethville ambako leo ni Lubumbashi, walikuwako watu waliofanya kazi kwa Wazungu kama maboi, wapishi na wafuaji. Walikuwa na chama chao cha watumishi wa zamani. Mmoja wao, André Yav, alikusanya historia ya mji tangu mwanzo, kurasa zaidi ya 30 zilizopigwa kwa mashini, katika Kiswahili chao cha Katanga, kilekile cha jikoni na cha barabarani. Nukta na vituo vilikuwa haba, maneno yamegandana. Johannes Fabian, mtaalamu aliyetaka kuyatafsiri, alisaidiwa na Mkongomani mwenzetu, Kalundi Mango, aliyeyasoma kwa sauti, maana yaliposomwa kwa sauti ndipo yalieleweka. Kitabu kilitoka Amsterdam mwaka 1990. Leo wenye elimu kubwa wanakisoma ili wajue Wakongomani waliuonaje ukoloni. Hawakumwuliza Yav cheti chake cha sarufi.

Na mji uleule, mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yote katika picha zaidi ya mia moja. Mtu akisema hajui kuandika, basi achore. Gazeti lina nafasi.

La tatu ni zito zaidi, na limetoka kwa mwalimu wetu mmoja tunayemheshimu. Alituambia: "Watoto wangu, someni kwanza. Mtaandika kesho, mkiwa na kitu kichwani." Katika komite yetu mwenzetu mmoja anamwunga mkono mpaka sasa, na hatukumaliza ubishi. Kweli, mtu asiyesoma huandika upepo. Hata Livingstone alikuwa amesoma vitabu vingi kabla ya kufika Nyangwe. Lakini sisi tunauliza: kesho hiyo ni lini? Tunaandika nota ambazo mwalimu anatamka, tunazishika, tunazirudisha siku ya ekzamen. Kwenye Exetat, session ordinaire, tunachagua jibu moja kati ya yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Mahali ambapo mwanafunzi anaombwa kutoa maneno yake mwenyewe ni dissertation, na hiyo iko hors session, mara moja, baada ya miaka yote. Mtoto ambaye hakutunga kitu tangu primaire anaambiwa siku hiyo moja atunge! Ndipo wengi wanashika kwa kichwa dissertation ya mwaka uliopita na kuitia kwa nguvu chini ya kichwa kipya cha maneno. Tunaona aliyezoea kuandika ukurasa mmoja kila juma hatahangaika vile. Tena anayeandika husoma vizuri zaidi, maana sasa anatafuta, anajua anachokosa.

Babu zetu walilijua hili bila shule. Jioni kwenye moto, msikilizaji hakukaa kimya kama gogo. Aliitikia wimbo, alijibu kitendawili, na kesho yake alingojewa naye atoe hadithi. Kwa jirani zetu Wanyanga, upande wa Walikale, mwaka 1956, mzee Shekarisi Rureke alitoa hadithi ya Mwindo kwa siku kumi na mbili, akisema, akiimba na akicheza, na wenzake wakimwitikia. Hakuwa amezaliwa nayo. Aliisikiliza kwa wengine, halafu akaitoa.

Tunaogopa pia kwamba wengine watatuelewa vibaya na kuanza kutoa kila kitu. Kupeleka mbele ulichopokea si kutunga. Mwanzo wa mwaka 2025, wakati M23 ilipotwaa Goma mwezi wa 1 na Bukavu mwezi wa 2, sisi hapa Kindu tuliona telefone zikijaa. Kila saa sauti mpya: wamefika hapa, wamefika pale, kimbieni, msikimbie. Familia zenye watoto huko hazikulala. Ukimwuliza aliyetuma, "Wewe umeona?" anasema, "Mimi nimepewa na yaya fulani." Na yaya naye amepewa. Kati ya ujumbe mwingi, ule uliotusaidia ulikuwa wa mama mmoja aliyeandikia ndugu zake mistari minne tu: yuko nyumba gani, maji yanapatikana wapi, nani yuko pamoja naye, nani hajaonekana. Alikuwa ameandika alichokiona. Mistari ile minne ilizunguka mtaa mzima, na wenye jamaa katika mtaa ule wa Goma waliketi chini wakapumua.

Neno moja kwa wakubwa wetu. Tumesikia kwamba kuna mpango wa kukataza telefone kabisa, hata kwa wanaokaa mjini, na kuzichukua mpaka mwisho wa mwaka. Bwana Prefe, kwa heshima yote, tunaona ndani ya kilasi ni haki zikatazwe. Hata sisi zinatuudhi mwalimu anapoeleza. Lakini kuzichukua kabisa hakutaleta makala hata moja. Mtoto asiye na telefone atakaa chini ya mwembe na kutazama ya mwenzake. Tunaomba badala yake saa moja kwa juma, siku ya tano mchana wakati wa michezo ya hiari, ambapo kilasi moja itafunguliwa na taa, na wenye kutaka kuandika watakaa humo na mwalimu mmoja wa kusahihisha. Wenye telefone watazileta, watafungua vitabu wanavyohitaji, watapiga picha ya kitu wanachokieleza, halafu watazifunga na kuandika. Mwalimu mmoja amekwisha kukubali kama Bwana Prefe atakubali.

Ninyi wenzetu, hatutaki mwache kutazama. Tunawaomba mfanye hesabu yenu kwa uaminifu: jioni tatu za kutazama, basi jioni moja ya kutoa. Wengine watasema jioni moja ni nyingi. Anzeni na robo saa. Na msianze na mambo makubwa kama "Amani duniani" ao "Faida za elimu", hayo tunayo ya kutosha na hakuna anayeyasoma mpaka mwisho, hata sisi tunaoyapiga mashini. Mwulize mvuvi Mgenya namna anavyojua fasi ya kutega. Mwulize baba mkubwa aliyefanya kazi Kalima kwenye kasiterite wakati wa SOMINKI, walikula nini, walilipwaje, ilikuwaje siku kampuni ilipoanza kuregea. Mwulize bibi mpunga wa zamani ulikuwa wa namna ngapi na majina yake. Mwaka 1988 Maniema ilipotengwa na Kivu ikawa jimbo lenyewe, wazazi wetu walikuwa vijana kama sisi. Walifanya nini siku ile? Nenda na kaye, msalimu mzee kwanza, keti chini, usimkatize. Akikataa kueleza neno fulani, usilazimishe. Akikubali, andika tarehe na jina la kijiji, na msomee tena ulichoandika kabla ya kukileta, ili aseme kama ndivyo.

Sanduku la makala liko kwenye mlango wa maktaba, chini ya tangazo la michezo. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, ao kwa lugha ya nyumbani pamoja na maelezo kidogo. Jina la mwandishi litapigwa, na jina la mzee aliyesimulia kama amekubali. Siku ya mwisho ni siku ya tano ya juma lijalo, kabla ya kengele ya saa sita. Tumieni biki nyeusi, tafadhali: mwenzetu anayepiga mashini anafanya kazi usiku kwa taa ya sola, na bluu haioni.